Kutumia dawa za mitishamba za Kichina pamoja na dawa za hospitali bila kujidhuru: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mgonjwa anayetibiwa na tabibu wa Kichina, na wakati huohuo anameza dawa alizoandikiwa hospitali, huwa na matabibu wawili, mafaili mawili na lugha mbili za kueleza maradhi yaleyale. Tabibu mmoja humwambia kwamba wengu wake ni dhaifu na qi yake, yaani nguvu ya uhai, imekwama; mwingine humwambia kwamba shinikizo lake la damu ni 160 kwa 100. Kila mmoja anaweza kuwa hodari katika kazi yake, na kila mmoja akaandika dawa isiyo na kosa lolote, lakini dawa hizo zote huishia katika tumbo moja, huchakatwa na ini moja na hutolewa na figo zilezile. Anayezijua dawa za pande zote mbili ni mgonjwa peke yake, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake na kwa ajili ya ndugu anayemuuguza.

Sikusudii kumkataza mtu tiba ya Kichina. Zipo hospitali nyingi nchini China ambamo tiba zote mbili hutolewa chini ya paa moja, na baadhi ya dawa za hospitali zilitokana na mimea hiyohiyo: efedrini ilitengwa kutoka kwenye ma huang na mwanakemia Mjapani Nagai Nagayoshi mwaka 1885, na artemisinini inayotibu malaria ilipatikana katika qing hao kwa kazi ya Tu Youyou na wenzake, ambayo ilimpatia Tu sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hata hivyo, mifano hii ndiyo inayoonyesha kasoro ya kuamini kwamba kitu cha asili hakiwezi kudhuru. Mmea wenye nguvu ya kuponya una kemikali ndani yake, na kemikali hiyo hukutana na dawa nyingine mwilini kwa namna ileile, iwe imetengenezwa kiwandani au imechimbwa mlimani.

Hatua ya 1: Andika orodha moja ya kila kinachoingia mwilini

Chukua karatasi moja na uandike dawa zote: za hospitali, za tabibu wa Kichina, za dukani ulizojinunulia mwenyewe, vitamini, chai za dawa, mafuta ya kuchua, plasta za kubandika na sindano unazochomwa kila baada ya miezi kadhaa. Kwa kila moja andika jina, kiasi, saa unayoitumia, tarehe uliyoanza na sababu ya kuitumia. Watu wengi husahau vitu ambavyo hawavihesabu kuwa dawa, kama vile vidonge vya uzazi wa mpango, dawa ya kiungulia, au supu ya mizizi anayoipika mama mkwe kila wiki. Vitu hivi vinavyosahaulika ndivyo mara nyingi huleta matatizo, kwa sababu hakuna anayeviuliza.

Orodha iwe moja tu, isiwe moja ya hospitali na nyingine ya tabibu. Ukishatenganisha karatasi, umeshatenganisha taarifa, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Hatua ya 2: Pata jina kamili la kila kiungo

"Dawa ya Kichina ya figo" si jina. Tabibu anayestahili kuaminiwa atakuandikia viungo vyote vya mchemsho wako, kila kimoja kwa jina lake la Kichina kwa herufi za Kilatini, jina la kisayansi, sehemu ya mmea inayotumika, namna ilivyotayarishwa na uzito wake kwa gramu. Mchemsho wa kawaida unaweza kuwa na viungo kumi au zaidi, kwa hiyo orodha hiyo si fupi, lakini bila hiyo mfamasia hana cha kukagua.

Umuhimu wa jina kamili ulidhihirika nchini Ubelgiji mapema miaka ya 1990. Katika kliniki moja ya kupunguza uzito jijini Brussels, wanawake walipewa dawa ambamo mmea uitwao han fang ji (Stephania tetrandra) ulikuwa umebadilishwa kimakosa na guang fang ji (Aristolochia fangchi). Majina yanafanana, mizizi iliyokatwa inafanana, lakini wa pili una asidi ya aristoloki, ambayo huharibu figo. Wanawake wapatao 100 waliugua figo, wengi wao wakafikia hatua ya kuhitaji kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo, na miaka ilipopita baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka asidi hiyo katika Kundi la 1, yaani miongoni mwa vitu ambavyo imethibitika kwamba husababisha saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo, ukiona kwenye orodha yako guang fang ji, guan mu tong, qing mu xiang au ma dou ling, usitumie. Usimeze pia chochote chenye zhu sha, ambayo ni madini ya zebaki, wala xiong huang, ambayo ni madini ya aseniki. Na ukipewa unga au vidonge visivyo na lebo, huku ukiambiwa kwamba mchanganyiko ni siri ya ukoo, jibu la adabu ni kushukuru na kuviacha mezani. Siri ya ukoo inaweza kuwa na thamani kubwa kwa ukoo, lakini mgonjwa anayemeza dawa nyingine hawezi kuimudu.

Hatua ya 3: Kagua kama ndani ya mitishamba mna dawa ya hospitali

Watu wachache hufikiria jambo hili, na kwa maoni yangu lilipaswa kuwa la kwanza kuulizwa. Baadhi ya dawa za Kichina zilizofungashwa kiwandani huwa na dawa za hospitali ndani yake, kihalali na kwa maandishi kwenye boksi, ila maandishi hayo huwa ya Kichina. Xiao ke wan, vidonge vya kisukari vinavyofahamika sana, vina glibenklamidi, ileile ambayo hospitali huitoa kushusha sukari. Zhen ju jiang ya pian, vidonge vya shinikizo la damu, vina klonidini na hidroklorothiazidi. Gan mao ling ya mafua huwa na parasetamoli na klofeniramini. Mgonjwa wa kisukari anayemeza glibenklamidi ya hospitali asubuhi na xiao ke wan mchana anadhani anachanganya tiba mbili, kumbe ameongeza dozi ya dawa moja, na sukari yake inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu. Vivyo hivyo, mwenye mafua anayekunywa gan mao ling na kuongeza vidonge vya parasetamoli anaweza kupita kiwango cha gramu 4 kwa siku, ambacho mtu mzima mwenye afya hapaswi kukivuka, bila kujua, na ini ndilo litakalolipa.

Kuna pia dawa zinazochanganywa kwa siri ili mteja aone matokeo haraka. Nchini Singapuri, katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2008, watu 150 wasio na kisukari walilazwa baada ya sukari yao kushuka ghafla. Uchunguzi uligundua glibenklamidi ndani ya dawa haramu za kuongeza nguvu za kiume na za mitishamba, na watu 4 walifariki. Nchini Marekani, bidhaa ya mitishamba iliyoitwa PC-SPES, iliyouzwa kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume, iliondolewa sokoni mwaka 2002 baada ya kukutwa na dawa za hospitali, ikiwemo warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Shuku bidhaa inayofanya kazi haraka kupita kiasi. Krimu ya "mitishamba" inayomaliza ukurutu wa miaka mingi kwa siku tatu huenda ina steroidi kali. Dawa ya kupunguza uzito inayokata njaa siku ileile na kufanya moyo uende mbio huenda ina sibutramini, ambayo nchi nyingi zimeiondoa sokoni kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Vidonge vya viungo vinavyoondoa maumivu ya miaka kwa usiku mmoja vichukuliwe kwa mashaka hayohayo. Mitishamba ya kweli mara nyingi huenda polepole.

Hatua ya 4: Tambua kama dawa zako za hospitali ni za kundi la hatari

Si dawa zote za hospitali zina hatari sawa. Kuna dawa ambazo tofauti kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru ni ndogo sana, na mabadiliko madogo ya kiwango chake katika damu hutosha kuleta maafa au kuifanya dawa isifanye kazi. Ukitumia mojawapo ya hizi zifuatazo, usianze mtishamba wowote kabla ya kuzungumza na daktari wako: warfarini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, digoksini ya moyo, litiamu, fenitoini na dawa nyingine za kifafa, theofilini, siklosporini na takrolimusi wanazotumia waliopandikizwa kiungo, dawa za saratani, na dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI. Wenye ugonjwa wa ini au figo wajihesabu katika kundi hili hata kama dawa zao ni za kawaida, kwa sababu viungo vya kuondoa dawa mwilini vimeshachoka.

Kama hutumii mojawapo ya hizo, na ini na figo zako ni nzima, una nafasi zaidi ya kujaribu, ingawa hatua nyingine zote bado zinakuhusu.

Hatua ya 5: Elewa dawa zinavyogongana, kisha tafuta jozi zako

Migongano hutokea kwa njia tatu, na ni muhimu kuzitofautisha kwa sababu kinga ya moja haifai kwa nyingine.

Njia ya kwanza ni tumboni. Viungo vyenye kalsiamu, kama vile shi gao (jasi), mu li (kombe za chaza) na long gu (mifupa ya kale), hushikamana na doksisaiklini, siprofloksasini au levothairoksini ya tezi la shingo, na dawa hizo zikapita bila kufyonzwa. Da huang na fan xie ye, ambazo huharisha, huweza kuisukuma dawa itoke kabla ya wakati wake. Hapa kuachanisha saa husaidia: siprofloksasini imezwe saa 2 kabla ya mchemsho wenye kalsiamu au saa 6 baada yake, na levothairoksini iachane nao kwa saa 4.

Njia ya pili ni kwenye ini, na hapa kuachanisha saa hakusaidii kitu. Nalisisitiza hili kwa sababu ushauri wa "subiri saa mbili kati ya dawa na mitishamba" umeenea mno, na wengi huamini kwamba unamaliza kila tatizo. Ini huvunjavunja dawa kwa vimeng'enya, na mmea unaozuia kimeng'enya hukizuia kwa saa nyingi, huku unaokichochea ukiendelea kufanya hivyo kwa siku au wiki. Wu wei zi huzuia kimeng'enya kinachovunja takrolimusi, na kiwango cha takrolimusi katika damu hupanda. Madaktari wengine wa China huitumia sifa hiyo kwa makusudi ili kupunguza dozi, lakini wanafanya hivyo huku wakipima damu ya mgonjwa mara kwa mara. Berberini, iliyomo katika huang lian, hupandisha siklosporini. Kumeza kimoja asubuhi na kingine usiku hakubadilishi lolote kati ya haya.

Njia ya tatu ni pale dawa mbili zinaposukuma kiungo kimoja cha mwili upande mmoja au pande zinazopingana. Mfano ulio wazi zaidi ni warfarini. Dan shen na dang gui, ambazo tabibu wa Kichina huzitumia "kuchangamsha damu", huongeza nguvu ya warfarini, na ziko taarifa za wagonjwa waliovuja damu baada ya kuzichanganya. Gou qi zi, yale matunda madogo mekundu yanayotiwa katika chai na supu, nayo imeripotiwa kupandisha INR, kipimo kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Kwa upande mwingine, jinsengi ya Kimarekani, xi yang shen, imeonekana kupunguza nguvu ya warfarini, jambo linalomweka mgonjwa katika hatari ya damu kuganda. Kwa mtu anayetumia warfarini, maoni yangu ni kwamba dan shen na dang gui ziachwe kabisa. Faida yake haiwezi kuzidi hatari ya kuvuja damu kwenye ubongo.

Mfano wa pili unahitaji uangalifu kwa sababu haushukiwi. Gan cao, mzizi mtamu wa mmea wa likorisi, huwekwa katika sehemu kubwa ya michanganyiko ya Kichina ili kupatanisha viungo vingine. Ukitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu, humfanya mtu abaki na chumvi na maji mwilini na kupoteza potasiamu kwenye mkojo. Mgonjwa wa shinikizo la damu huona shinikizo likipanda ingawa anameza dawa zake kwa uaminifu. Akiwa pia anatumia furosemidi au hidroklorothiazidi, ambazo nazo hutoa potasiamu, upungufu huongezeka. Na akiwa anatumia digoksini, potasiamu kidogo huifanya digoksini iwe sumu kwa moyo hata kwa dozi yake ya kawaida. Udhaifu wa misuli, miguu kuvimba na moyo kurukaruka ni ishara za kwenda kupima potasiamu siku hiyohiyo.

Ma huang huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na haifai kuchanganywa na dawa za kufungua pua zenye sudoefedrini wala na dawa za sonono za kundi la kuzuia kimeng'enya cha monoamini oksidesi. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye efedrini ya ma huang mwaka 2004. Jinsengi na huang lian huweza kushusha sukari zaidi kwa anayetumia insulini au glibenklamidi. Hong qu, mchele mwekundu uliochachushwa, una kemikali ileile iliyomo katika lovastatini, hivyo kuimeza pamoja na dawa ya kushusha lehemu ni kujiongezea dozi na hatari ya misuli kuharibika. Na he shou wu, inayosifiwa kwa kurudisha weusi wa nywele, imesababisha madhara ya ini kwa baadhi ya watu hata bila dawa nyingine; usiiongeze kwenye dawa ambazo zenyewe huelemea ini.

Migongano mingine haitabiriki kabisa. Xiao chai hu tang imetumika kwa karne nyingi, lakini katika miaka ya 1990 nchini Japani baadhi ya wagonjwa wa ini walioitumia, baadhi yao wakiitumia pamoja na interferoni, dawa ya hospitali ya homa ya ini, walipata nimonia hatari na wengine wakafariki. Ukongwe wa dawa ya mitishamba hauthibitishi usalama wake pamoja na dawa ya hospitali ambayo haikuwepo zama hizo.

Hatua ya 6: Waambie matabibu wote wawili, kwa maneno yaliyo wazi

Wagonjwa wengi huficha mitishamba kwa daktari kwa kuogopa kukemewa, na huficha dawa za hospitali kwa tabibu wa Kichina kwa kuogopa kuonekana hawana imani. Njia rahisi ni kutoomba ruhusa, bali kuuliza swali mahususi huku orodha ikiwa mezani: "Daktari, natumia pia mchemsho huu, na viungo vyake ni hivi. Je, kuna kinachogongana na dawa ulizoniandikia, na kuna kipimo ninachopaswa kufanya?" Daktari akijibu tu kwamba mitishamba yote ni upuuzi, hajajibu swali lako, mpelekee mfamasia orodha ileile, kwa kuwa kukagua migongano ni sehemu ya taaluma yake.

Kwa tabibu wa Kichina uliza: "Nikiwa ninatumia dawa hizi za hospitali, ungebadilisha kiungo kipi?" Hilo si swali la dharau kwake. Tiba ya Kichina yenyewe ina orodha ya kale ya mikinzano 18 kati ya mimea, inayokataza kwa mfano gan cao isichanganywe na gan sui, au wu tou na ban xia, na tabibu aliyesoma ameifundishwa. Asiyetaka kusikia kabisa habari za dawa zako za hospitali, au anayekuagiza uziache, si wa kumrudia. Hasa usiache ghafla dawa za kifafa, za moyo, za kisukari, za kufubaza virusi wala steroidi kwa agizo la mtu ambaye hakuziandika.

Hatua ya 7: Anza moja moja, na upime kabla na baada

Anza mtishamba mpya wakati hali yako imetulia, wala si wiki uliyobadilishiwa dozi ya dawa ya hospitali. Ukianza vitu viwili pamoja na ukaugua, hutajua cha kulaumu. Kabla ya kuanza, fanya vipimo vya ini na figo pamoja na potasiamu, ili kuwe na namba za kulinganisha. Virudiwe baada ya wiki chache, kwa ratiba atakayoipanga daktari. Mwenye shinikizo la damu ajipime asubuhi na jioni. Mwenye kisukari aongeze idadi ya vipimo vya sukari katika siku za mwanzo. Anayetumia warfarini ambaye daktari amemkubalia mtishamba fulani apime INR ndani ya wiki ya kwanza, kisha arudie hadi itulie.

Andika namba hizo nyuma ya ile orodha ya hatua ya kwanza. Usibadilishe chapa katikati, kwa sababu nguvu ya mmea mmoja hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, na hata kati ya mavuno na mavuno.

Hatua ya 8: Fuata maelekezo ya kuchemsha kama unavyofuata dozi

Kwa mitishamba ya kuchemsha, jiko lako ni sehemu ya maabara. Fu zi, chuan wu na cao wu zina akonitini, sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na kuchemshwa kwa muda mrefu ndiko kunakoivunja. Anayefupisha muda kwa haraka zake anakunywa dawa tofauti na iliyoandikwa. Zisitumike bila usimamizi, na anayetumia dawa za mapigo ya moyo aziepuke. Ganzi ya midomo na ulimi baada ya kunywa ni dalili ya sumu hiyo, na ni dharura. Tumia chungu cha udongo au chombo cha kioo, usitumie sufuria ya chuma au alumini, na usiunganishe pakiti mbili kuwa moja kwa sababu jana ulisahau kunywa.

Hatua ya 9: Jua dalili za kukimbilia hospitali

Acha mitishamba na uende hospitali mara moja ukiona kinyesi cheusi kama lami, damu kwenye mkojo au fizi, michubuko isiyo na sababu, au maumivu makali ya kichwa ambayo hujawahi kuyapata, hasa kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Macho kuwa ya manjano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi na kichefuchefu kisichoisha huashiria ini. Mkojo kupungua na uso kuvimba huashiria figo. Jasho baridi, kutetemeka na kuchanganyikiwa kwa mwenye kisukari ni sukari kushuka, na sukari apewe kwanza kama bado ana fahamu na anaweza kumeza, ndipo safari ianze. Vipele vinavyosambaa, uso au ulimi kuvimba na pumzi kubana ni mzio.

Beba pakiti, lebo, mabaki ya mizizi na ile orodha. Maabara huweza kuchunguza mabaki. Haiwezi kuchunguza maelezo ya "ilikuwa ya kahawia, chungu kidogo". Daktari akishakutibu, mwombe aripoti tukio hilo kwa mamlaka ya dawa, kwa kuwa bidhaa nyingi mbovu zimegunduliwa kwa ripoti za namna hiyo.

Hatua ya 10: Upasuaji, mimba na watoto

Ukipangiwa upasuaji, mweleze daktari wa nusukaputi mitishamba yote mapema. Ushauri wa kawaida ni kuiacha takriban wiki 2 kabla, kwa sababu baadhi huongeza kuvuja damu na mingine hubadilisha usingizi wa dawa au mapigo ya moyo. Mjamzito aepuke hong hua, tao ren, san leng na e zhu, ambazo hata matabibu wa Kichina wenyewe huzikataza wakati wa mimba, na kwa jumla asitumie mchanganyiko wowote bila wakunga na daktari kujua. Mtoto mchanga asipewe huang lian, kwa kuwa huweza kuzidisha manjano ya siku za mwanzo hadi kudhuru ubongo, na hatari huongezeka kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD.

Hatua ya 11: Ukiacha mitishamba, pima tena

Mgonjwa akiacha mtishamba hudhani amerudi mahali salama, lakini dozi yake ya hospitali huenda ilikuwa imeshazoeshwa kwa uwepo wa mtishamba ule. Aliyepunguziwa takrolimusi kwa sababu ya wu wei zi, kisha akaacha wu wei zi kimyakimya, atabaki na kiasi kisichotosha kulinda figo aliyopandikizwa. Aliyepunguziwa warfarini wakati anakunywa chai ya gou qi zi, akiiacha, damu yake itaanza kuganda kwa urahisi zaidi ndani ya siku chache. Kwa hiyo mjulishe daktari kabla ya kuacha, panga tarehe ya kupima ndani ya wiki inayofuata, na uandike siku ya kuacha kwenye orodha, pembeni ya siku uliyoanza.